Barua ya wazi kwa viongozi wa afya wa Haut-Katanga: mkono wa daktari ujifunze kwenye sanduku kabla ya kuingia tumboni mwa mgonjwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Vitivo vya Udaktari vya Lubumbashi,
Kwa Madaktari Wakurugenzi wa hospitali za mji wetu,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa Kiswahili, na nimekusudia. Barua za madaktari katika mji huu huandikwa kwa Kifaransa, hugongwa muhuri, hupokelewa na sekretari, kisha huishia kabatini. Safari hii nataka hata mama anayengoja kwenye benchi nje ya bloku ya upasuaji, termosi ya uji ikiwa mapajani, aweze kusoma ninachokiomba kwa ajili ya mwanawe aliye ndani. Mimi ni daktari mpasuaji, nafanya kazi hapa Lubumbashi, na sehemu ya kazi yangu ni kuwafundisha maasistenti, yaani madaktari waliokwisha kupata shahada na sasa wanajifunza upasuaji. Ombi langu ni moja: daktari yeyote asiruhusiwe kuongoza upasuaji wa matundu madogo juu ya mgonjwa kabla mikono yake haijapimwa na kufaulu kwenye sanduku la mazoezi. Sanduku hilo tunaweza kulitengeneza wenyewe hapa mjini kwa fedha isiyofika bei ya tairi moja jipya la gari la idara.

Kwa msomaji asiye daktari, upasuaji wa matundu madogo ndio ule tunaouita selioskopi au laparoskopi. Tumbo la mgonjwa aliyelazwa usingizi hujazwa gesi ya kaboni dioksidi, kwa kawaida kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, ili ukuta wake uinuke kama hema. Kisha hutobolewa matundu matatu au manne, kila moja la milimita 5 hadi 12. Tundu moja hupitisha kamera, mengine hupitisha pensi, yaani koleo nyembamba za kushikia, na mikasi mirefu, na daktari hufanya kazi akitazama skrini badala ya kutazama tumbo. Kwa njia hiyo twaweza kutoa kifuko cha nyongo chenye mawe, kidole tumbo kilichovimba, au mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Kidonda huwa kidogo, maumivu hupungua, na mgonjwa hurudi kwake mapema zaidi. Mwenye mshahara wa uhakika ataona hilo kuwa starehe tu, lakini mama anayeuza mboga katika soko la mtaa wetu wa Kenya, au mchimbaji ambaye siku asiyoingia shimoni ni siku isiyo na ugali nyumbani, hesabu ya siku za kulala hospitalini anaijua kuliko sisi wenye makoti meupe.

Ugumu uko kwenye mikono. Katika upasuaji wa kawaida mkono wangu huenda ninakoutuma, nao hugusa, hupapasa, huhisi mshipa ukidunda chini ya kidole. Katika selioskopi chombo kina urefu wa zaidi ya sentimita 30 na kimeegemea kwenye ukuta wa tumbo kama mti wa bembea unavyoegemea kwenye gogo lake. Nikipeleka mkono kushoto, ncha ya pensi huenda kulia, nikiuinua, ncha hushuka. Picha ya skrini ni bapa, haina kina, hivyo sijui kama pensi yangu imelifikia ini au bado iko sentimita mbili mbele yake, mpaka niliguse. Na nikiligusa, mguso wenyewe hunifikia umefifia, kama wa mtu anayepapasa kwa fimbo. Kusoma kitabu hakuondoi jambo hili, wala kumtazama profesa akifanya, hata ukimtazama mara hamsini. Ubongo hauna budi kujifunza upya kulia na kushoto, na mafunzo hayo huja kwa kukosea mara nyingi. Makosa ya namna hiyo yafanyike wapi?

Mimi yangu niliyafanya juu ya mtu. Niliruhusiwa kushika pensi kwa mara ya kwanza katika hospitali ambayo sitaitaja, mbele ya mkuu wangu aliyekuwa na haraka, na mgonjwa alikuwa mama mwenye mawe kwenye nyongo. Baada ya saa nzima nilikuwa bado sijafaulu kushika shingo ya kifuko na kuivuta upande unaofaa. Nilikuwa nimeliunguza ini mahali pawili kwa kifaa cha umeme, na jasho lilikuwa limelowanisha barakoa yangu. Mkuu wangu alininyang'anya vyombo bila neno, akafungua tumbo kwa kisu kama ilivyokuwa desturi, akamaliza. Mama yule alipona. Siku ya kuondoka alinishukuru kwa mikono miwili, akiwa na kovu la urefu wa kiganja ambalo alikuwa ameambiwa hatakuwa nalo. Hakuna aliyemweleza kwamba nilikuwa najifunza kutofautisha kushoto na kulia ndani ya tumbo lake.

Waheshimiwa, hatuko peke yetu katika kosa hili, na waliotutangulia wameshalipa gharama yake. Profesa Kurt Semm wa Kiel, Ujerumani, alitoa kidole tumbo kwa njia hii mwaka 1980. Erich Mühe, Mjerumani mwenzake, alitoa kifuko cha nyongo mwaka 1985, na Philippe Mouret akafanya hivyo Lyon mwaka 1987. Muda mfupi baadaye kila hospitali ya Ulaya na Marekani iliitaka njia hiyo, na wapasuaji wengi wakaanza kuitumia baada ya mafunzo ya siku mbili tatu. Wagonjwa ndio walioumia: mirija ya nyongo iliyokatwa kwa kudhaniwa kuwa kitu kingine ikawa balaa mpya, hata idara ya afya ya jimbo la New York ikalazimika, mwaka 1992, kuweka sharti kwamba daktari asiachiwe peke yake kabla hajafanya operesheni 15 chini ya msimamizi. Nautaja mfano huo kwa kuwa sharti lilitoka kwa mamlaka ya serikali. Madaktari wenyewe hawakuwa wamejizuia, na sidhani kama sisi wa Lubumbashi tuna unyenyekevu kuliko wao.

Kuna jambo jingine katika historia hiyo ambalo huwa nawakumbusha maasistenti wangu wanapoliita sanduku la mazoezi kuwa ni kitu cha maskini. Semm, aliyekuwa na viwanda vya Ujerumani nyuma yake, ndiye aliyewatengenezea wanafunzi wake sanduku la kufanyia mazoezi. Mashine za kompyuta zinazoiga tumbo, zile za bei ya makumi ya maelfu ya dola, zilikuja baadaye, na hata huko ziliko sanduku halikutupwa.

La kwetu tulilitengeneza hivi. Tulinunua sanduku la plastiki lenye mfuniko, kama yale ya kuwekea nguo za mtoto mchanga, bidhaa za kawaida zinazopita mpaka wa Kasumbalesa. Fundi seremala wa mtaa wa Katuba alitoboa mfuniko matundu manne, kisha akayaziba kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi vilivyopasuliwa katikati kwa wembe, ili pensi ipite na kushikwa kidogo, kama inavyoshikwa na ukuta wa tumbo. Ndani tulibandika taa ndogo inayotumia betri. Kamera ni simu ya zamani iliyofungwa chini ya mfuniko kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, ikaunganishwa kwa waya na skrini ya kompyuta iliyokuwa imestaafu. Pensi ni zile zilizochakaa kiasi cha kutofaa tena kwa mgonjwa, nyuzi ni zile zilizopita tarehe yake. Gharama yote, pamoja na nauli na soda ya fundi, haikufika dola 50. Na umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, ukikatika, jambo ambalo halimshangazi yeyote kati yenu, kompyuta ile ikazimika, tunaiweka skrini ile pembeni, tunaigeuza simu kioo kikitazama juu, na mazoezi yanaendelea.

Ndani ya sanduku tunaweka kibao chenye misumari 12 na pete sita zilizokatwa kutoka bomba la kumwagilia bustani. Mwanafunzi huinua pete kwa mkono wake dhaifu, huikabidhi hewani kwa pensi ya mkono wa pili, huivika kwenye msumari wa upande wa pili, na akimaliza zote sita huzirudisha zilikotoka. Hilo ndilo zoezi la kwanza kati ya matano ya mpango wa misingi ya laparoskopi ambao SAGES, chama cha wapasuaji wa njia hii cha Marekani, kiliuzindua mwaka 2004, kwa kujenga juu ya kazi iliyofanyika katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Na bodi ya upasuaji ya Marekani iliufanya kuwa sharti kwa anayeomba cheti cha upasuaji wa jumla. Kiwango cha umahiri kinachotumika sana kwa zoezi hilo ni sekunde 48. Mmoja wa maasistenti wangu, mwanamke mwenye mkono mtulivu kuliko wengi wetu anaposhona kidonda cha kawaida, siku ya kwanza alitumia dakika tisa, na pete mbili zikapotea chini ya kibao. Aliweka pensi mezani, akatazama viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Baada ya wiki tano za kurudi pale kila alipomaliza zamu, alikuwa chini ya dakika moja, na sasa anaanza kuchoka na pete, dalili ambayo mwalimu huifurahia.

Baada ya pete huja kompresi, yaani kipande cha shashi, iliyochorwa duara, inayokatwa kwa kufuata mstari. Kisha kidole cha glavu kinachofungwa kwa uzi, kisha fundo lenyewe, kwanza la kufungiwa nje na kusukumwa ndani, halafu la kufungiwa ndani, ambalo huwaliza watu wazima. Sisi tumeongeza yetu. Tunavuta puto moja ndani ya jingine, tunazijaza hewa, na mwanafunzi apasue la nje bila kulitoboa la ndani. Tunachukua paja la kuku lenye ngozi, naye aibandue ngozi bila kuirarua nyama, kwa kuwa ngozi ya kuku imeshikana na nyama kwa utando mwembamba unaokaribia sana ule unaokishika kifuko cha nyongo kwenye ini. Kuku huyo haliwi, nalisema hilo mapema kwa sababu swali hilo huulizwa kila mara.

Mtu ataniuliza kama mazoezi ya pete na kuku yanamfaa mgonjwa kweli. Mwaka 2002 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha majaribio waliyowafanyia maasistenti 16: nusu walifanya mazoezi kwenye mashine ya kuigiza, nusu hawakufanya, kisha wote wakatoa kifuko cha nyongo cha mgonjwa wa kweli. Waliofanya mazoezi walikibandua kifuko kwa haraka zaidi kwa asilimia 29, na wale wengine walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kukijeruhi au kuunguza mahali pasipohusika. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka mama wa kovu. Kweli, mashine yao haikuwa sanduku la Kasumbalesa. Lakini walichokipima ni mkono uliozoea dhidi ya mkono usiozoea, na mkono hauulizi bei ya kilichouzoesha.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Botswana, nao ndio ninaowaomba muutafakari kwa makini kuliko yote. Madaktari wa Toronto waliwafundisha wapasuaji wa huko kwa njia ya intaneti: kila upande ulikuwa na sanduku lake, mwalimu akawaona wanafunzi wake kwenye skrini na kuwasahihisha kwa sauti, kila wiki. Kundi la pili lilipewa sanduku hilo hilo na maelekezo, likaachwa lijifundishe. Ulipofika mtihani, waliofundishwa na mwalimu walifaulu wote, na walioachwa na sanduku walifaulu asilimia 38 tu. Yaani sanduku ni rahisi, lakini sanduku bila mwalimu na bila saa maalumu ni samani. Ndiyo maana siwaombi mninunulie masanduku, maana masanduku tutayatengeneza. Nawaomba kile ambacho seremala wa Katuba hawezi kunitengenezea: muda, kanuni, na mwalimu anayelipwa.

Naomba vitivo viweke katika ratiba ya kila asistenti wa upasuaji, na wa magonjwa ya wanawake pia, alasiri mbili kwa wiki ambazo hataitwa kwenye zamu, kwenye kliniki wala kwenda kumtafutia profesa karatasi. Kwa sasa wanajifunza saa nne za usiku, baada ya operesheni ya mwisho, na usingizi si mwalimu mzuri wa mikono. Naomba mwalimu anayewasimamia alipwe saa hizo kama anavyolipwa saa za darasani, kwa kuwa nimeona nia njema za wenzangu zikidumu miezi mitatu kisha zikahamia kwenye kliniki binafsi, wala siwalaumu, wana watoto shuleni. Naomba wizara ya jimbo itoe waraka mfupi, wa ukurasa mmoja, usemao kwamba asiyefaulu kwenye sanduku anaweza kushika kamera na kusaidia, lakini hataongoza operesheni ya namna hii katika hospitali yoyote ya jimbo. Na waraka huo utuhusu sisi wakubwa vilevile, ambao wengi wetu tulipata ujuzi huu kama nilivyoupata mimi. Niko tayari kupimwa wa kwanza.

Kwa Madaktari Wakurugenzi nina ombi linaloudhi kidogo. Katika hospitali moja niliyopata kuifanyia kazi, mnara wa selioskopi, yaani rafu yenye skrini, kamera, taa na mashine ya gesi, ulioletwa na wafadhili ulikaa umefunikwa kwa shuka kwa muda ambao ni aibu kuutaja. Taa yake iliungua, hapakuwa na ya akiba. Mtungi wa gesi uliisha, hapakuwa na aliyejua wapi hujazwa. Na hata mnara ulipokuwa mzima, waliofundishwa kuutumia walikuwa wawili, mmoja akahama, mwingine akastaafu. Siku ya kuupokea kulikuwa na picha, hotuba na vinywaji. Mkipewa zawadi kama hiyo, mwulizeni mfadhili kabla ya picha: balbu za akiba ziko wapi, fundi wa kuitengeneza atafundishwa na nani, na masanduku mangapi ya mazoezi yanakuja pamoja nayo? Na pensi zinapochakaa msizitupe wala kuzificha; ziandikwe kwenye daftari, zipakwe rangi nyekundu kwenye mpini ili zisirudi kamwe kwa mgonjwa, zije kwetu.

Fedha zipo, nasema hivyo bila kumtukana mtu. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inaligawia jimbo asilimia 25 ya mrabaha unaolipwa na makampuni ya madini, na Haut-Katanga si jimbo lisilo na madini. Posho ya waalimu wanne kwa saa nne za kila wiki, pamoja na nyuzi, glavu na paja la kuku, ni kiasi ambacho katika bajeti ile hakitaonekana hata kwa miwani.

Najua litakalosemwa: kwamba kuna kipindupindu, kuna akina mama wanaofia uzazini, kuna vituo vya afya vijijini visivyo na maji, na mimi nakuja na mambo ya kamera. Sipingani na hilo. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wa bei wanayoimudu, na wengi wao wanahitaji kwanza kisu cha kawaida na mtu wa kuwalaza usingizi. Kama jimbo lingekuwa linachagua kati ya kisima na mnara wa selioskopi, ningechagua kisima. Lakini minara inakuja yenyewe, kliniki binafsi zinatangaza huduma hiyo barabarani, wagonjwa wanaiuliza kwa jina, na hakuna kanuni inayosema ni nani anayestahili kuishika. Wala sitaki mtu adhani kwamba sanduku linafundisha kila kitu. Haliwezi kutoa damu. Halimfundishi daktari lini aache ubishi na kufungua tumbo, wala jinsi ya kuutambua mrija wa nyongo uliojificha ndani ya uvimbe; hayo yatabaki kufundishwa mezani, bega kwa bega, na pengine kwa miaka. Linachofanya ni kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika, mwanafunzi hahangaiki tena na kulia na kushoto, akili yake yote iko kwa mgonjwa.

Sanduku letu liko kwenye chumba cha maasistenti, juu ya meza ya karibu na dirisha, halifungiwi kwa ufunguo. Jumatano kuanzia saa tisa alasiri nipo hapo pamoja na wale ambao hawakuitwa kwenye zamu. Mheshimiwa Waziri, Waheshimiwa Wakuu wa Vitivo, Madaktari Wakurugenzi, nawaalika mje Jumatano yoyote itakayowafaa, mvue makoti, mjaribu pete sita. Tutawapimia muda kwa simu, na matokeo hatutayatangaza.

Wenu kwa heshima,

Daktari mpasuaji na mwalimu wa maasistenti,
Lubumbashi